Masaa Matano Nje ya Launji

11 Machi

Kaka,

Chiriku amemimina maziwa yake ndani ya kiatu changu cha kazi sasa hivi, akakifunika kwa kitambaa cha vyombo, kisha akakaa juu yake ametulia kama mtu aliyekuja kutoa pole. Namuuliza, "Umefanya nini?" Ananijibu, "Kiatu kimelala." Ana miaka mitatu na tayari anajua kuficha. Sikumchapa. Nimekiosha, nimekianika dirishani, na kwa kuwa siwezi kutoka na kiatu kimoja nimekaa nikuandikie.

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kifua cha mtoto kimepona. Baba yake bado yuko na wale wa kujenga barabara, anarudi Jumamosi na vumbi mpaka ndani ya masikio, anakusalimu. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani ambayo haikauki, jengo zima tunatembea na viganja vya kijani. Wifi mpe salamu zake.

Naandika kwa sababu simu na wewe haiwezekani. Ukisikia neno zito unasema mtandao unakatika. Karatasi haina mtandao. Yule mhudumu wa ndege mrefu, anayependa kujificha jikoni kwetu kazini kunywa chai, amesema atakupa mkononi, maana hoteli wanayolala iko karibu na kwako.

Sasa tuje kwenye ya juzi.

Ulisema mwenyewe, mwezi mzima ulisema: "Mama hatakaa kwenye viti vya uwanja kama mzigo. Nina kadi." Ile ya benki na shirika la ndege, ambayo ukiitoa mlango wa launji, ule ukumbi wa kupumzikia, unafunguka, unakula, unalala, unaingiza na wageni wawili bure. Kadi hizo nazijua, kila siku naziona zikipitishwa mapokezi ya launji yetu nikiwa na ndoo yangu. Ila sikuwahi kuona moja yenye mtu wangu nyuma yake. Nilibadilishana na mwenzangu wa vyoo, nikafanya zamu mbili mfululizo ili niwepo mkiunganisha ndege hapa, ukimpeleka Mama kwako kutibiwa macho. Niliwatangazia wote. Mpishi wa supu alisema atamtolea Mama iliyo laini. Dada wa mapokezi akaweka pembeni kile kiti kirefu cha kona, kinacholala, mbali na kiyoyozi. Hata msimamizi wetu, tunayemwita Pasi kwa vile shati lake halijawahi kupata mkunjo, alisema, "Mama yako akifika msalimie dakika moja, halafu kazini." Kwa Pasi hiyo ni sherehe.

Saa nne kasoro mlango ukafunguka. Ukaingia wewe na wanaume wawili wa suti. Nikatazama nyuma yenu. Mlango ukajifunga.

Nikasogea na dekio langu mpaka karibu na meza yenu, nikijua utanyanyuka. Ulinitazama, kaka. Ulinitazama usoni kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, ukasema, "Tuletee tishu hapa." Nikaleta tishu. Sisi haturuhusiwi kuanza kuongea na mgeni mpaka aanze yeye. Wewe ulianza, na ukamaliza hapo hapo.

Nikakuvizia kwenye kijia cha vyooni. Nikakuuliza, "Mama yuko wapi?"

"Yuko sawa, anapumzika. Usiniletee mambo hapa."

Na mimi nikaamini. Nikadhani shirika limempa chumba cha wagonjwa. Nilifurahi, mjinga mimi, nikaendelea kusugua.

Saa tisa nikatoka na taka kwa mlango wa nyuma. Mama yuko pale. Viti vya chuma vya geti la mwisho, kule kwa ndege ndogo. Amekumbatia mkoba, amevua viatu, miguu imeumuka kama mikate. Ulimwambia asisogee, naye hakusogea. Nikamuuliza kama amekunywa maji. Akasema, "Nikinywa nitataka choo, na vibao sivioni." Masaa matano, kaka. Na upande wa pili wa ukuta mimi nasugua vyoo vinane vya marumaru, kimoja hakijaguswa na mtu tangu asubuhi.

Nilimpeleka choo cha wafanyakazi. Pasi amenipa onyo la maandishi kwa kuchelewa na taka. Mama akaniambia, "Usigombane na kaka yako, ana mambo yake." Mambo gani? Akaomba maji mengine.

Sitaki maelezo marefu. Nataka jambo moja: wale wawili ni akina nani, hata wakakalia nafasi ya Mama?

Mdogo wako.


4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Mhudumu kanikabidhi pale hotelini kwa uso wa mtu anayekabidhi hati ya mahakama, nadhani aliisoma. Nimecheka sana kwa habari ya kiatu. Mwambie Chiriku mjomba anasema viatu hulala chini ya kitanda. Shemeji msalimie, na vumbi lake.

Habari kubwa ni jicho. Jicho la kwanza limefanyiwa upasuaji na limefanikiwa. Walipofungua bandeji Mama alimtazama wifi yako muda mrefu, akasema, "Kumbe wewe ni mfupi hivi." Tumekaa naye vizuri. Jicho la pili watalifanya tarehe 20 Juni, na akiruhusiwa ataruka kurudi tarehe 28.

Kuhusu yale ya uwanjani, naona umeyakuza. Wale ni watu wa kazi, na mambo ya kikazi yana wakati wake. Kadi nayo ina masharti, si kila mtu anaingia anavyotaka. Mama mwenyewe alisema yuko sawa pale. Na wewe, ningekutambulishaje ukiwa na dekio mkononi, mbele ya watu wale? Nilikulinda. Siku moja utanielewa.

Safari ya kurudi atakuwa peke yake, mimi sitaweza kuacha kazi. Nimeshaomba kiti cha magurudumu, watamsukuma mpaka geti. Daktari anasema baada ya upasuaji wa pili matone yawekwe kila baada ya saa mbili, kwa mikono safi, kichwa kikiwa kimelala nyuma, na asikae kwenye upepo wala vumbi. Watu wa uwanja watamsaidia. Kwa hiyo punguza presha.

Nimempa mhudumu viatu vya Chiriku, vina taa kwenye kisigino.

Kaka yako.


15 Aprili

Kaka,

Viatu vimefika. Chiriku amekataa kuvivua hata kwenye beseni la kuogea, sasa kimoja kinawaka moja kwa moja na kingine kimezima kabisa. Anasema asante mjomba. Tumefurahi kwa jicho la Mama, baba yake alipiga makofi peke yake jikoni. Kwetu hakuna jipya, ila maji yanatoka siku tatu kwa wiki na ngazi bado haijakauka.

Umenilinda na nini? Nieleze, kwa sababu mimi nimezoea kulindwa dhidi ya mvua, na mbwa, na homa. Kulindwa dhidi ya ndugu yangu sijakuzoea.

Na usiniletee habari ya masharti. Kibao cha masharti ya kadi kiko mapokezi, kwenye fremu ya kioo, na kile kioo nakifuta mimi kila asubuhi. Nasoma polepole, lakini nasoma. Mwenye kadi awepo yeye mwenyewe. Wageni wasizidi wawili. Wakae si zaidi ya masaa sita. Hakuna mahali pameandikwa mgeni awe na tai. Hakuna mahali pameandikwa mama haingii.

Kiti cha magurudumu kisahau. Wale vijana nawaona kila siku. Wanamsukuma mtu mpaka geti, wanakanyaga breki, wanakimbilia mwingine. Mzee anabaki anatazama ukuta. Nani atamwekea matone pale? Yule anayeuza magazeti? Wewe hujui kitambulisho changu kinavyofanya kazi, acha nikueleze. Kinanivusha ukaguzi siku ya zamu tu. Nikishaingia, nje ya launji nina dakika kumi za taka, basi, na onyo moja ninalo tayari kwa ajili yako. La pili ni kuaga. Mama akiwa ndani nitamwekea dawa mimi, kila saa mbili, nikipita na ndoo. Akiwa nje, jicho tulilolihangaikia mwaka mzima litakaa na vumbi la watu na kiyoyozi cha geti.

Kwa hiyo ninachotaka ni kifupi. Umlete wewe mwenyewe, kwa miguu yako, umwingize kwa kadi yako, umkalishe kile kiti cha kona. Siku moja. Mtu mwenye kazi kubwa hakosi ruhusa ya siku moja kwa jicho la mama yake.

Na bado hujanijibu wale wawili ni akina nani. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi ni mdogo wako, si mtoto.

Mdogo wako.


22 Mei

Kaka,

Hatujambo. Chiriku ameng'oa kitasa cha kabati. Shemeji yako anakusalimu.

Siku thelathini na saba. Mhudumu ameniapia kwamba barua alikupa mkononi na ukaitia mfukoni mbele yake. Jumanne nikapiga simu, ukampa Mama. Akasema, "Tuko salama, tuko salama," kama anayesoma karatasi uliyomshikia. Lakini nyuma yake nikasikia televisheni ya katuni, na nikasikia mtu akikohoa. Kile kikohozi nimelala nacho chumba kimoja miaka kumi na mbili. Ilikuwa saa nne asubuhi kwenu.

Mtu wa ofisi anatazama katuni nyumbani Jumanne saa nne asubuhi?

Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa hasira, ni vitu viwili mbalimbali.

Mdogo wako.


3 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo kiasi. Mama anakula, anatembea barazani, amemfundisha wifi yako kukunja shuka upya kana kwamba alikuwa hajui. Mbusu Chiriku.

Basi, umenikamata kwa kikohozi.

Kazi iliisha Novemba. Kampuni ilifunga idara nzima ya mizigo, watu kumi na wanne tukaondoka na maboksi yetu siku moja. Wifi yako alijua Februari, alipokuta suti zangu hazina jasho. Mama alijua siku ile uwanjani, nilimwambia kwenye foleni ya ukaguzi. Wewe nilitaka usijue kabisa, kwa sababu wewe ndiye uliyewatangazia watu wote kwamba kaka yako ni nani.

Wale wawili ni wakuu wa kampuni nyingine ya mizigo. Niliwakuta kwenye foleni ile ile, ndege yao imecheleweshwa, wanalalamika hawana pa kukaa. Nikasema karibuni, mimi nina kadi. Ilitoka mdomoni kabla sijafikiri. Wakadhani bado mimi ni mtu. Nikamwambia Mama, nusu saa tu. Akasema, "Nenda." Wao walinihoji kuanzia chai mpaka chakula cha mchana, na kila nilipotaka kuinuka mmoja akaja na swali jingine, na kila swali nilihisi kazi iko karibu. Ulipokuja na dekio nilitaka kusimama. Badala yake nikaagiza tishu. Ningesema ni mdogo wangu wangeuliza la pili, na la tatu, na yote yangeporomoka.

Mwezi wa nne waliniandikia mistari miwili. Hawana nafasi.

Nimesema yote. Kadi ilikuja na mshahara ule, nayo inakufa tarehe 30 Juni, haitaongezwa. Nimekusanya pointi zote zilizobaki ndani yake, zimetosha tiketi yangu ya kuja na kugeuza siku hiyo hiyo. Tarehe 28 nitamleta Mama na nitamwingiza. Samahani sana, mdogo wangu, kwa siku ile.

Ila nakuomba hili. Siku hiyo nichukulie kama mgeni yeyote. Wapo watu wa kazi yangu ya zamani wanaopita pale. Mwekee Mama dawa, mhudumie kama unavyowahudumia wengine, mimi nitakaa meza nyingine na gazeti. Tusifanye kikao cha familia mbele za watu.

Shemeji asijue.

Kaka yako.


10 Juni

Kaka,

Salamu kutoka kwa wote. Chiriku amejifunza kuhesabu mpaka saba, nane haitaki.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara moja kwa kusimama. Pole kwa kazi. Ninaisema kwa moyo wote na ndiyo maana nimeiweka mbele. Ungeniambia Novemba ningekulilia Novemba, ningekutumia hata sabuni, na nisingemtangazia mtu kitu. Badala yake umenifanya niwajaze wenzangu habari za kaka wa kadi, wakamwekea Mama kiti, kiti kikakaa kitupu mchana kutwa, na mimi nikaenda kukirudisha mahali pake huku mpishi wa supu akijifanya haoni.

Mimi nimeachishwa kazi mara mbili, moja nikiwa na mimba ya Chiriku, miezi saba. Najua ilivyo kuamka huna pa kwenda. Inakufanya unune, inakufanya uongope kwa mwenye nyumba. Lakini sikumwacha mtu kwenye chuma akibana mkojo ili mimi nionekane mtu.

Ombi lako nimelikataa. Sitakufanya mgeni. Mgeni anaondoka tunapangusa meza, tunasahau. Wewe nikupanguse na nini?

Na kuna kitu nimekitafuta kwenye kurasa zako mbili nikakikosa. Samahani umeniandikia mimi. Mama, anayelala chumba cha pili kutoka hapo ulipokaa kuandika, umemwambia? Maana mimi sikukaa nje. Mimi nilikuwa ndani, kwenye marumaru.

Mdogo wako.


28 Juni

Kaka,

Hii sitampa mhudumu, nitakuwekea mkononi mwenyewe. Naandika stoo, nimekalia boksi la karatasi za choo, kwenye upande wa nyuma wa karatasi ya ratiba ya usafi ya wiki iliyopita. Chiriku nimemwacha kwa jirani, amelia, kisha akaona paka akanisahau. Ndiyo habari yote ya nyumbani niliyonayo.

Ndege yenu imetua dakika arobaini zilizopita. Pasi anajua mnakuja, nimemwambia ukweli wote, na kuhusu kazi yako pia, unaweza kukasirika ukipenda. Akasema, "Dawa utamwekea, lakini mfanyakazi hakai kwenye kiti cha mgeni, hilo usinivunjie." Nikamwambia sitakaa. Kusimama nimezoea.

Sikulala vizuri wiki hii. Nilikuwa napanga maneno ya kukwambia na yote yalikuwa makali. Nikasema ukiingia na kukaa meza nyingine na gazeti lako, nitapita na dekio mara moja tu mbele yako, nisiseme kitu, na baada ya hapo nisikuandikie tena. Nilikuwa nimekata shauri. Lakini pia, kaka, asubuhi hii nilipokuwa nalaza kile kiti cha kona nilijikuta nalaza na cha pili karibu yake, sijui kwa nini mikono yangu ilifanya hivyo. Bado naamini wewe ndiye yule aliyekuwa ananivusha barabara kwa kunishika kola. Hilo ndilo linanichosha zaidi. Ingekuwa wewe ni mtu mbaya ningeshapumzika.

Mmefika. Nawaona kwa ufa wa mlango. Umemshika Mama mkono, siyo mkoba, mkono. Ana kibandiko cheupe kwenye jicho la kulia. Dada wa mapokezi anapitisha kadi, anangoja. Imekubali. Mama anaulizwa jina, anataja na la baba yake na la babu yake, foleni inasubiri. Umemkalisha kile kiti, umemvua viatu. Sasa umesimama na gazeti na hukai, unatazama meza ya kule mwisho. Kuna mtu wa suti kule amekupungia mkono. Kumbe kweli wapo.

Usiende, kaka. Naandika upesi kwa sababu sitaki kutoka nikiwa na uso huu. Kama unaenda nenda, lakini kwanza umwambie Mama lile neno, hapo hapo alipo, na wala usiniite mimi shahidi, wala usi

Dada wa mapokezi amefungua stoo. Ananiambia niache kuandika nitoke, Mama amekataa kuwekewa dawa na mhudumu wa chai, amesimama peku katikati ya launji anauliza kwa sauti binti yake aliyemzaa mwenyewe yuko wapi, watu wameshusha magazeti, Pasi amekuwa kama mti, na yule wa suti amekuuliza wewe kulikoni, na wewe umemjibu, anasema umemjibu kwa sauti mpaka jikoni wamesikia, ni mdogo wangu, anafanya kazi humu, tumemfuata yeye. Mama anaita tena, sasa namsikia mwenyewe, kaka, ngoja nioshe mikono, nikija nita